Siku Niliyomfanya Mama Mkwe Winchi

Wako watu Garsen ambao hawajui kwamba jina langu ni Buya. Wananiita Winchi, watoto wao wananiita Baba Winchi, na mimi huitika tu kwa sababu nimeshachoka kukasirika, maana nikikasirika ndipo wanapotaka niwaeleze jina limetoka wapi, na nikieleza naaibika upya kana kwamba ni jana. Basi leo nitawasimulia mwenyewe kwa mdomo wangu, kabla hamjaipata kwa Kazungu, ambaye kila mwaka huitia chumvi nyingine. Mkitaka kucheka chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa baada ya ile mvua ya El Niño. Maji yalikuwa yameshapungua lakini barabara hayakuturudishia, yalikuwa yameacha mashimo tu na mapande ya udongo mgumu kama matofali. Mimi wakati huo nilikuwa kijana niliyeshuka kutoka Hola kuja Garsen kutafuta maisha, nina pikapu yangu ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya kiti kimoja kirefu mbele, nabeba maembe, mikeka, mbuzi, wagonjwa, chochote kile ambacho wenye magari mengine walikuwa wanaogopa kukifuata matopeni. Na gari lile nililipenda mpaka nikawa kero. Nililiosha kila Alhamisi, nikaliandika jina nyuma, na mtu akiegemea mlango nilikuwa namwambia asimame kwa miguu yake, Mungu alimpa miwili.

Sasa mafuriko yalikuwa yamelimaliza kule mbele. Wanaojua magari watanivumilia, wasiojua nawaeleza haraka: pikapu za aina ile mbele hazina springi. Zina fito mbili za chuma, kulia moja na kushoto moja, zimelala chini ya gari, ncha moja imeshikwa na mkono wa gurudumu na ncha ya pili imeshikwa na chesisi, gurudumu likipanda kitu fito inajipinda kama mtu anakamua nguo, likishuka inajinyoosha. Mafundi wanaziita toshenbaa. Zangu zilikuwa zimechoka kabisa, gari limeinama kama linatafuta shilingi iliyoanguka, na kila shimo tairi linakwaruza madigadi. Kazungu, fundi wangu na rafiki yangu (gereji yake ilikuwa turubai moja na jeki mbili nyuma ya maduka, lakini mdomo wake ulikuwa wa gereji kubwa ya Mombasa), akaniambia nisihangaike na vyuma vya magari yaliyokufa, niende Mombasa kuna duka linauza vipya kutoka Australia, vimetengenezwa kwa ajili ya magari ya porini.

Na nilikuwa na haraka, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa natafuta mke. Halima, binti wa Waorma wa Tarasaa, yeye mwenyewe alikuwa ameshanikubali, na baba yake, mtu wa ng'ombe asiyependa maneno mengi, alikuwa amesema mama yake msichana akiridhika na yeye ameridhika. Kwa hiyo jambo zima lilikuwa mikononi mwa Mama Habiba. Naye alisema hana neno na mimi, lakini hamtoi binti yake kwa Mpokomo wa Hola aliyepanga nyumba Garsen mpaka aje aione nyumba hiyo, aonane na mama yangu, akae, ale, ndipo aseme ndiyo au hapana. Siku ikapangwa. Ami yangu akaitoa Pijo yake, gari la viti laini, iende ikamchukue Tarasaa. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, na kama ningekufa wiki ile ningekufa mtu wa heshima.

Badala yake nikaenda Mombasa. Muuzaji pale dukani alikuwa mzee mpole wa miwani, akaniwekea juu ya meza fito za aina mbili, nyembamba kidogo na nene, akaniuliza kwa upole kabisa kwamba gari langu mbele nimelifunga nini. Jibu la kweli lilikuwa: sijafunga kitu, kuna bampa la kawaida na tasbihi kwenye kioo. Lakini kando yangu alikuwa amesimama dereva mmoja wa magari ya watalii, kofia ya ngozi, viatu vya ngozi, ananunua vyake, naye alikuwa ametoka kusema hivi punde kwamba gari lake lina winchi, ile mashine nzito ya kamba ya chuma inayolivuta gari likikwama. Sijui shetani gani alinipitia. Nikasema, "Winchi." Mzee akauliza, ya umeme? Nikasema ya umeme. Na bampa la chuma? Nikasema la chuma, zito, na betri mbili (hata sijui betri mbili zilitoka wapi, ulimi ukishaanza kuteleza huwa unatafuta pa kwenda). Yule dereva akaniangalia kwa heshima, na heshima ile, wallahi, nilisafiri nayo mpaka Garsen. Mzee akazirudisha zile nyembamba kwenye rafu na kunifungia zile nene, akisema kwa gari zito kama langu hizi ndizo zenyewe.

Kazungu alipoziona alipiga mluzi. Alizipima kwa kiganja, akasema huku ndiko kununua, hiki ni chuma cha lori, akazifunga siku hiyohiyo akiwa anaimba. Tukashusha jeki na gari likasimama likiangalia mawingu. Nilifurahi sana, nikalizunguka mara kadhaa, nikaona sasa nina gari la kwenda nalo ukweni. Kisha nikaliendesha. Jamani, nilifika pale penye kalvati ya kwanza nikagonga kichwa kwenye paa mpaka nikaona kijani, na Kazungu aliyekuwa kando yangu akajiuma ulimi, jambo ambalo peke yake lingekuwa baraka kama si maumivu yangu.

Tukarudi, akaingia chini, akalegeza bolti za kurekebishia, pua ikashuka, tukajaribu tena, gari likaruka vilevile. Hapo ndipo Kazungu alipokaa juu ya tairi akafikiri, akaniuliza yule muuzaji alinipaje hizi, nami nikamwambia habari ya winchi. Hakucheka, nilitamani angecheka. Akasema kuteremsha pua si kulainisha chuma, fito hii imetengenezwa kubebeshwa uzito, na bila uzito mbele haijipindi, inasukuma tu kama punda asiyetaka mzigo. Tukafunga viroba viwili vya mchanga juu ya bampa, na kweli, gari likatulia, likaanza kutembea kama gari la watu. Nikaendesha hivyohivyo siku kadhaa, na watu walipouliza mchanga wa nini nilisema napeleka kwa mtu anajenga.

Lakini siku ya Mama Habiba ilipokaribia nikajitazama. Niende ukweni na viroba kwenye pua ya gari, nimwambie nini mtu, kwamba ninajenga kila mahali ninapokwenda? Nikavitoa. Kazungu akaniambia basi acha gari, Pijo si ipo, nami nikakubali, na mambo yangeishia hapo kama asingeongeza, kwa utani wake wa kijinga, kwamba au la nimpakie mama mkwe mwenyewe kiti cha mbele, maana ana mwili, masha Allah, anatosha viroba viwili na kinabaki. Nikamgombeza vikali. Nikamwambia aheshimu wakwe za watu. Kisha nikaenda zangu nyumbani, na njia nzima nikawa nafikiria kwamba, ukiacha utani, hesabu yake haikuwa mbaya.

Basi nikamwambia ami asihangaike na Pijo, wakwe zangu nitawabeba mwenyewe, mbele, kwenye gari langu. Watu walinisifu mpaka nikaona haya. Mama yangu alilia. Ami akasema vijana wa leo wenye adabu ya namna hii wamebaki wachache.

Tarasaa nilikwenda na Kazungu, mimi nimeng'ang'ania usukani na yeye dashibodi, nikamkuta Mama Habiba ameshajitanda shali yake nzuri, amepakata kibuyu cha maziwa mgando ya kumpelekea mama yangu, na pamoja naye dada yake, Hawa. Mpango wangu ulikuwa Hawa akae katikati na Mama Habiba akae mlangoni, kwa sababu kwetu na kwao mkwe hakai bega kwa bega na mkwe, hata kumtazama usoni unaiba. Ila Hawa akasema magari humtapisha, lazima apate dirisha. Basi Mama Habiba ndiye akaja katikati, akajikunja kwa heshima iwezekanavyo, akaweka kibuyu mapajani, nami nikajibana kwenye mlango wangu mpaka kitasa kikanichora ubavuni. Kazungu akapanda nyuma. Halima alisimama penye ua akitutazama, na ninakumbuka alikuwa akitabasamu.

Mwanzo wa njia si mbaya. Nikaona mbele kumetulia kidogo, nikasema moyoni hewaa. Halafu tukafika pale maji yalipokuwa yamekata barabara, na ndipo nilipojua kwamba binadamu, hata awe na mwili vipi, si winchi. Winchi imefungwa kwa bolti, lakini Mama Habiba hakuwa amefungwa na chochote. Shimo la kwanza lilimpeleka kwenye paa na kumrudisha, akasema Bismillahi. La pili lilimvua shali, kichwa kikabaki wazi mbele ya mkwewe, nami kwa adabu nikageuza uso kutazama nje, na kwa kutazama nje nikaingia la tatu moja kwa moja. Akashika cha kwanza alichokiona, ambacho kilikuwa gia, gia ikatoka. Nikairudisha. Akashika goti langu, akaliachia kama limemuunguza, akashika dashibodi. Kibuyu kilikuwa kinapiga pwata pwata pwata bila kupumzika, na Hawa alikuwa ameshatoa kichwa nje akimwomba Mungu na kutapika kwa zamu.

Baada ya muda Mama Habiba akaniuliza, akiwa anatazama mbele, kama gari hili ni bovu. Nikasema hapana Mama, ni zima, tena vyuma vyake vya mbele ni vipya kutoka Australia. Akakumbatia kibuyu mpaka shimo lingine lilipopita.

"Huko Australia," akasema, "watu hawana mifupa?"

Sikujibu. Pale pale ningeweza kusimama, nikamwomba radhi, nikamweleza, tukacheka au tukagombana, yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshamwambia gari ni zima, na mimi ni mtu wa kulinda uongo wangu kama shamba, basi nikaongeza mwendo ili tufike haraka, na anayejua magari anajua mwendo unafanya nini kwenye chuma kama kile.

Tukaingia Garsen siku ya mnada wa ng'ombe. Njia panda imejaa watu, wachuuzi, wachungaji na fimbo zao, wanawake wa maziwa, jamaa zangu wote wa maneno. Katikati ya njia, watu wa barabara walikuwa wamemwaga kifusi na kukiacha hapo, tuta refu la kokoto. Mtu mwenye akili angelizunguka. Mimi nikaona watu wananitazama, gari la fowili, pua juu, wakwe ndani, nikasema leo nalipanda. Nikalipanda. Mbele kulipoinuka kulikataa kushuka pole pole, kukashuka kama tofali, kukarushwa tena, na Mama Habiba akaenda juu, akachelewa huko kidogo, na aliporudi hakurudi mahali pake. Alirudi mapajani mwangu. Mgongo wake ukakandamiza usukani, honi ikashika, ikakwama, ikaanza kulia bila kukatika, na mnada mzima, pamoja na ng'ombe, ukageuka kumtazama Buya wa Hola amempakata mama mkwe wake.

Honi ile ililia, nawaambia. Nilikuwa siwezi kumgusa ili nimwondoe, maana mkwe hashikwi, na siwezi kutomgusa, maana yuko mapajani mwangu. Nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikabaki hivyo. Hawa ndiye aliyemvuta. Kazungu akaruka kutoka nyuma, akafungua boneti akang'oa waya. Mama Habiba akateremka. Akajitanda shali yake taratibu, akakumbatia kibuyu chake, akauliza nyumba yangu iko upande gani, kwa sababu atakwenda kwa miguu.

Na hapo Kazungu, ambaye ni fundi mpaka kwenye usingizi, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo, akasema kwa sauti ya kazi:

"Mama usishuke kwanza. Wewe ukitoka mbele kunakuwa kwepesi, hatutafika."

Mama Habiba akamgeukia. Akamuuliza kwepesi vipi. Kazungu akanitazama, mimi nikatazama chini, na alipoona hana pa kukimbilia akaeleza yote, fito, Mombasa, winchi ambayo haipo, viroba vya mchanga, mpaka ile hesabu yake ya viroba viwili na kinabaki, akaeleza mbele ya watu kwa mpangilio mzuri kama anatoa hotuba. Alipomaliza, mchuuzi mmoja wa ng'ombe pale nyuma akauliza, kwa hiyo huyu mama ndiye winchi, na soko likapasuka, na jina likanishika mimi tangu siku hiyo. Wengine walikaa chini kwa kucheka. Mama Habiba hakucheka wala hakugomba. Aliniangalia usoni, mara yake ya kwanza kuniangalia usoni, akaniuliza polepole, "Kumbe si heshima? Ulinipakia uzito?" Nikasema ndiyo, Mama.

Akaenda kwa miguu. Mimi nikamfuata nyuma na gari kwa mwendo wa kobe, na watu watatu wa mnada walikuwa wamejipandia kwenye boneti bila kuombwa, wanasema wanasaidia, wanapunga mikono kama wabunge. Nilitamani mto ufurike tena siku ile, unibebe mpaka Kipini, baharini.

Nyumbani mama yangu alikuwa amepika pilau la kuwaangusha watu, ametandika mikeka, hajui lolote. Mama Habiba akamsalimu vizuri, akakaa, akafungua kibuyu ili ammiminie maziwa. Yakatoka maji. Akainamisha zaidi, yakatoka maji mengine, halafu bonge la siagi likaja likaziba mdomo wa kibuyu. Akalitazama. Akamwambia mama yangu kwamba yalikuwa maziwa alipotoka kwake, na kwa siagi hii amshukuru mwanawe, ndiye aliyeyasukasuka njia nzima. Kisha akala, akanawa, akaikagua nyumba chumba kwa chumba, akatazama hata paa, na mama yangu alipomwomba neno akasema nyumba nzuri, mkwe mwenzangu mzuri, lakini jibu lake atalitolea kwake Tarasaa, na Buya lazima awepo kulisikia.

Akaomba arudishwe na Pijo. Na mimi, akasema, nije na gari langu, ila nisiendeshe. Kazungu ataendesha. Mimi nitakaa pale alipokaa yeye, katikati, na kiroba cha mchanga mapajani badala ya kibuyu, na Kazungu aende mwendo uleule niliokwenda mimi, Pijo itakuwa nyuma inatazama.

Sitawaeleza ile safari. Nitasema tu kwamba mimi nimebeba wagonjwa miaka mingi nikidhani nawaonea huruma, kumbe nilikuwa sijui kitu. Kila shimo kiroba kilinikalia upya. Kazungu aliniomba msamaha kwa kila shimo, kisha akaliingia. Tulipofika Tarasaa nilishuka kwa mikono, mdomo umepasuka, mchanga umejaa nguoni mpaka pasiposemeka, na Halima amesimama penye ua na wala hatabasamu tena. Nikajua imeisha. Nilimtazama nikasikia uchungu hasa, uchungu wa kupoteza mtu, na upumbavu wote ni wa kwangu.

Mama Habiba akashuka kwenye Pijo, akaja mpaka nilipo.

"Umeumia?"

Kwa mazoea mdomo wangu ulitaka kusema hapana, niko sawa, gari zima. "Nimeumia, Mama," nikasema.

"Wapi?"

"Kila mahali. Na nimekosa. Ningekwambia tangu asubuhi, nikaona haya."

Akatikisa kichwa kwa muda, akimtazama binti yake, akinitazama mimi, mchanga unanidondoka. "Leo mchana nilimwona mtu anayenyamaza mimi nikiumia," akasema. "Huyo simpi mtoto. Huyu wa sasa hivi anayesema, huyu nitampa." Akaanza kuingia ndani, kisha akageuka. "Ijumaa uje na wazee wako. Mje na Pijo."

Tukaoana, na zile fito nene tulizitoa wiki ileile, Kazungu akamfungia mwenye pikapu kama yangu anayebeba mchanga, naye anazipenda mpaka leo. Nimeapa jambo moja tu maishani, zaidi ya ndoa: kwamba mtu hapandi gari langu bila mimi kumwambia kwanza nimempandisha kwa sababu gani. Wengine nikiwaambia hushuka, na mimi huwaacha washuke.